Sensa ya joto la hewa kwenye Impreza ya turbo: dalili, chanzo na marekebisho

Impreza WRX na STI nyingi zenye injini ya EJ, zile zinazoshushwa Mombasa na Dar es Salaam kutoka Japani na kutapakaa hadi Kampala, zina sensa ya joto la hewa tangu kiwandani. Imefichwa ndani ya MAF, sensa inayopima wingi wa hewa, kwenye bomba linalotoka boksi la filta. Soketi ya MAF ina nyaya 5: tatu za MAF yenyewe, mbili za sensa ya joto. Hapo ilipo inapima hewa kabla haijaingia kwenye turbo, na habari zake zinaishia hapo.

Yanayotokea mbele ya hapo ndiyo yanayotoboa pistoni. Hewa ikikandamizwa hupata joto. Chukua siku ya nyuzi 30 Dar es Salaam, busti (presha inayoongezwa na turbo) ya bar 1, turbo yenye ufanisi wa asilimia 70: hewa inatoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi 125 hivi. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, presha ya hewa ya nje ni kama kilopaskali 82 badala ya 101. Turbo inakandamiza hewa nyepesi kwa nguvu zaidi ili ifikishe bar ileile 1 juu ya presha ya nje, kwa hiyo hata nje kukiwa na nyuzi 25, hewa inatoka ikiwa na karibu nyuzi 135. Wanaodhani gari la turbo halisikii mwinuko wakumbuke hesabu hii.

Intakula, radieta ya hewa iliyo baada ya turbo, ndiyo inayolishusha joto hilo. Inalishusha kiasi gani, MAF haiwezi kukuambia, ndiyo maana watu huongeza sensa ya pili baada ya intakula. Kuifunga ni kazi ya mchana mmoja. Kinachochosha ni wiki zinazofuata: namba za ajabu, injini inayozima ikiwa moto, nguvu zilizopungua, na sensa mpya tatu zilizonunuliwa bila gari kupona. Mara nyingi sensa hulaumiwa bure. Yenyewe inasema jambo moja tu: joto la kitu kinachoigusa. Kwa hiyo maswali ni mawili. Inagusa hewa au inagusa chuma? Na kompyuta ya injini inaitafsiri sawasawa?

Anza mezani, si kwenye gari

Sensa hizi ni themista: joto likipanda, ukinzani wake unashuka. Zinazotumika zaidi kwenye kazi hii ni mbili, ile ya wazi ya GM yenye thredi ya NPT ya 3/8, na Bosch NTC M12 yenye thredi ya M12 × 1.5. Namba zake zimekaribiana kiasi cha kumchanganya mtu:

Nyuzi 0: GM ohm 9,420; Bosch ohm 5,896
Nyuzi 20: GM 3,520, Bosch 2,500
Nyuzi 30: GM 2,238; Bosch 1,707
Nyuzi 40: GM 1,459, Bosch 1,175
Nyuzi 60: GM 667, Bosch 596
Nyuzi 80: GM 332, Bosch 323
Nyuzi 100: GM 177, Bosch 187

Weka barafu iliyopondwa kwenye glasi, mimina maji kidogo, koroga. Funika ncha ya sensa kwa mfuko mwembamba wa plastiki, kwa sababu maji yakigusa miguu ya themista yanapitisha umeme na kuharibu kipimo. Itumbukize, subiri dakika 3, soma mita. Tofauti ya asilimia 5 si tatizo. Kisha rudia kwenye maji yanayochemka, na hapa wengi hukosea: Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100. Sensa ya GM iliyo nzima itakuonyesha kama ohm 213, na anayesubiri 177 ataitupa sensa nzima. Ukiwa Dar, Mombasa au Tanga, tumia 100.

Sensa ikifaulu barafu na maji ya moto, iache. Tatizo liko kwingine. Isipofaulu, irudishe dukani siku hiyohiyo. Grogan ya Nairobi na Gerezani ya Dar kuna sensa zinazofanana kwa sura na maboksi lakini namba zake hazifuati jedwali lolote.

Inasoma −40 muda wote

Huu ni mkato, yaani umeme haupiti. Kwenye mawasiliano ya OBD (soketi ya kusomea makosa ya gari), −40 ndiyo namba ya chini kabisa inayoweza kutumwa kwa joto la hewa, kwa hiyo kompyuta isipoona sensa kabisa huonyesha hiyo. Kwenye sensa ya kiwandani utapata pia kosa P0113. Kama P0102 imefuatana nayo, usihangaike: soketi ya MAF haikurudishwa baada ya kufungua boksi la filta, au imeingia nusu.

Kwa sensa mpya, chomoa soketi na uunganishe matundu yake mawili kwa kipande cha waya, swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa. Namba inatakiwa kuruka kutoka −40 hadi juu kabisa. Ikiruka, nyaya zako ni nzima hadi kompyuta, na kosa ni sensa au pini. Angalia pini kwa macho na tochi. Mara nyingi moja imesukumwa nyuma na haigusi, hasa kwenye soketi za kufunga mwenyewe ambako pini haikusukumwa hadi ilie. Vuta kila waya taratibu. Unaotoka mkononi ndio huo. Namba isiporuka, waya umekatika njiani au umeingia tundu lisilo lake kwenye plagi ya kompyuta.

Inasoma 130 na zaidi injini ikiwa baridi

Hapa nyaya mbili zinagusana, au waya wa ishara umegusa bodi ya gari. Kosa lake kwa sensa ya kiwandani ni P0112. Chomoa soketi: namba ikianguka hadi −40, sensa ndiyo iliyoungua ndani. Ikibaki juu, fuata waya. Kwenye Impreza maeneo ya kutiliwa shaka ni mawili: chini ya intakula pale klampu ya hosi inapokwaruza, na kona ya nyuma ya kulia ya injini ilipo turbo. Waya wa kawaida wa plastiki hauwezi kukaa karibu na kava la turbo. Upitishe upande wa kushoto, uvishe soksi ya nyuzi za kioo, na uufunge ili usiweze kusogea hata injini ikitingishika.

Haisogei kabisa

Asubuhi nyuzi 12, mchana nyuzi 12, kwenye foleni nyuzi 12. Hiyo si sensa. Kuna kitu kinachouzwa mtandaoni kwa jina la chipu ya nguvu, na ndani yake ni rezista moja ya bei ya peremende. Inafungwa kwenye waya wa joto la hewa ili kompyuta iamini hewa ni baridi daima. Kwenye gari la turbo ni hatari ya kweli, kwa kuwa inanyamazisha kinga ambayo ingerudisha nyuma taimingi (wakati wa kupiga cheche) hewa ikiwa moto. Magari yaliyopita mikono mingi huwa nayo chini ya tepu, sentimita chache kutoka MAF. Ing'oe na uunganishe waya kama ulivyotoka kiwandani kabla ya kufanya kitu kingine chochote.

Asubuhi inadanganya

Kipimo bora cha sensa hii ni cha bure. Gari lilale nje usiku kucha. Alfajiri, kabla ya kuwasha injini, fungua swichi tu na usome joto la hewa ya MAF, joto la maji ya injini na sensa mpya. Zote tatu zinatakiwa kukubaliana ndani ya nyuzi 2 au 3. Sensa mpya ikiwa peke yake mbali na wenzake, tafsiri ndiyo yenye kosa.

Kosa la kwanza ni jedwali la sensa moja kutumika kwa nyingine. Umefunga GM, lakini kompyuta imewekewa Bosch. Kwenye nyuzi 30 za kweli, GM inatoa ohm 2,238, na jedwali la Bosch linasoma hizo kama nyuzi 23. Kwenye nyuzi 60 inasoma 57. Kwenye 80 inakaribia kuwa sahihi. Ndiyo maana kosa hili hujificha: fundi anaangalia namba injini ikiwa moto, anaridhika, anakabidhi gari. Nyuzi 7 zinaonekana ndogo, lakini kompyuta inayokokotoa hewa kwa presha na joto itaongeza petroli kwa asilimia 2 na zaidi bila sababu, na itachelewa kulinda injini.

Kosa la pili ni rezista. Themista peke yake haitoi volti. Inahitaji rezista inayouunganisha waya wa ishara na volti 5, na kwa kawaida rezista hiyo imo ndani ya kompyuta. Kompyuta nyingine hutumia ohm 1,000. MegaSquirt, kompyuta ya kujitegemea inayofungwa badala ya ile ya kiwandani, hutumia 2,490. Jedwali lililotengenezwa kwa moja halifai kwa nyingine. Sensa ya GM kwenye nyuzi 20 inatoa volti 2.93 ikiwa na rezista ya 2,490, na volti 3.89 ikiwa na ya 1,000. Pima volti hizo kwa mita, sensa ikiwa imechomekwa, na utajua mara moja kompyuta yako ina rezista gani.

Balaa zaidi ni rezista mbili. Vifurushi vingine vya sensa huja na rezista ya kufunga kwenye waya, kwa ajili ya kompyuta zisizo nayo. Ukiifunga kwenye kompyuta ambayo tayari inayo, mbili za 2,490 zinafanya kazi kama moja ya 1,245. Kompyuta itaona ukinzani mara mbili ya ule wa kweli. Nyuzi 30 zitasomwa 15. Ukiona sensa inasema ubaridi kiasi hicho na mezani ilifaulu, tafuta rezista ya ziada.

Kinyume chake hutokea wanaobaki na kompyuta ya kiwandani iliyoandikwa upya programu yake. Wengi huingiza ishara kupitia waya wa sensa ya TGV, baada ya kuondoa vile vipepeo vya TGV kwenye njia ya hewa. Njia hiyo ilitengenezwa kwa sensa ya nyaya 3, siyo kwa themista. Hapo rezista ya nje kwenda volti 5 inahitajika, na bila yake utasoma namba isiyo na maana. Chagua yenye usahihi wa asilimia 1, kwa sababu ile ya asilimia 10 inakurudisha kwenye uongo wa asubuhi.

Jambo moja linahitaji msisitizo: usikate nyaya za sensa ya MAF ili kuziunganisha na sensa mpya. Kompyuta ya kiwandani ilipangwa ikijua namba hiyo ni ya hewa ya kabla ya turbo. Ukiipa namba ya baada ya intakula bila kubadilisha programu, itarudisha taimingi nyuma pasipohitajika, nawe utadhani umenunua sensa mbovu. Sensa ya MAF ibaki na kazi yake. Mpya iingie kwa njia yake.

Namba inacheza ukiwasha taa

Washa taa kubwa, feni ya kiyoyozi na kioo cha nyuma cha kupasha joto. Namba ikishuka nyuzi 3 hadi 8 kwa pamoja na mzigo wa umeme, waya wa hasi wa sensa umefungwa kwenye bodi au kwenye blok ya injini. Mkondo wa taa ukipita hapo unaacha volti ndogo, na volti hiyo inajumlishwa kwenye ishara. Kwenye nyuzi 60 hadi 70, kwa rezista ya 2,490, kosa la volti 0.1 ni kama nyuzi 4. Kwenye nyuzi 90 na kitu ni kama nyuzi 9. Tena kosa hilo daima linaelekea upande mbaya: hewa inaonekana baridi kuliko ilivyo, wakati ule hasa ambapo ni moto kupita kiasi.

Dawa ni moja. Waya wa hasi urudi kwenye kompyuta, kwenye tundu la hasi ya sensa, lilelile linalotumiwa na sensa ya joto la maji. Pima kati ya tundu hilo na blok ya injini, taa zikiwaka: zaidi ya volti 0.05 inaonyesha nyaya za hasi za injini zimechakaa na zinahitaji kusafishwa au kubadilishwa. Namba inayorukaruka bila mpangilio mizunguko ikipanda ni jambo jingine. Hapo waya wa ishara umelala juu ya nyaya za koili. Utenganishe kwa sentimita 10 angalau, na zikikutana zipishane msalaba badala ya kwenda sambamba.

Kwenye foleni inapanda hadi 75 na haitaki kushuka

Hii ndiyo dalili inayoleta ubishi mwingi, kwa kuwa ina ukweli ndani yake. Intakula ya Impreza imekaa juu ya injini, ikipumua kupitia tundu la boneti. Foleni ya Mombasa Road saa 12 jioni, hakuna upepo unaoingia, na joto la turbo na blok linapanda moja kwa moja kwenye mapezi yake. Hewa inayopita humo ni moto kweli. Sensa inayosema 60 hapo inaweza kuwa inasema kweli tupu. Swali ni kama inasema joto la hewa au la chuma ilichofungwa.

Kipimo cha kwanza ni mguu. Mahali salama, gia ya 3, kanyaga mafuta hadi busti kamili kwa sekunde 5, huku ukirekodi. Sensa ya wazi iliyo ndani ya mkondo wa hewa itasogea ndani ya sekunde moja au mbili. Iliyoshikwa na chuma haitatikisika wakati wa busti, kisha itapanda polepole ukishaachia mguu. Ukiona hivyo usihitaji ushahidi mwingine.

Cha pili ni safari. Ukitoka kwenye foleni, endesha kwa kilomita 80 kwa saa bila busti. Intakula iliyopata joto hupoa kwa dakika chache, na namba inakaribia joto la nje pamoja na nyuzi 10 hivi. Baada ya dakika 10 ikiwa bado imekaa nyuzi 25 au 30 juu ya joto la nje, chuma kinaongea.

Cha tatu ni kipimajoto cha miale, ukielekeza kwenye kichwa cha sensa pale spana inaposhika. Bandika kwanza kipande cha tepu nyeusi, maana alumini na shaba zinazong'aa hukidanganya kipimajoto na kuonyesha joto la chini mno. Namba ya kichwa na namba ya kompyuta zikiwa sawa kila wakati, umepata jibu.

Visababishi ni vichache. Umbo la sensa ndilo la kwanza. Ya wazi ina kizimba cha plastiki, na ukiitazama kwa mbele unaona punje ndogo kama ya mtama ikining'inia kwenye miguu miwili, hewa inapita pande zote. Iliyofungwa ina ncha ya shaba isiyo na tundu, na kwa kweli ni sensa ya maji. Hiyo ya pili inauzwa kama sensa ya hewa kila siku. Inafanya kazi, lakini inachelewa kwa sekunde nyingi, na shaba inachota joto la chuma ilichofungwa.

Cha pili ni urefu wa ncha. Kikombe cha thredi kilichochomelewa kikiwa kirefu, punje inabaki imejificha ndani yake ambako hewa imetulia. Ingiza kidole au kioo kidogo ndani ya bomba: ncha ionekane ikiwa imetoka milimita 15 hadi 20 ndani ya mkondo.

Cha tatu ni mahali. Manifodi ya hewa ya EJ ni alumini iliyokaa juu ya blok, na throto bodi yake hupashwa na maji ya injini. Kufunga sensa kwenye manifodi ni rahisi, lakini ni kama kupima joto la hewa ya jikoni huku umeegemea sufuria. Mahali pazuri ni tangi la kutokea la intakula, au bomba la mwisho kabla ya throto kama umehamishia intakula mbele. Usiiweke kati ya turbo na intakula: joto la 130 na zaidi ni nje ya mipaka ya sensa nyingi za hewa, na namba yenyewe haikusaidii kitu. Kama manifodi ndiyo nafasi pekee, tumia sensa ya wazi na adapta ya plastiki isiyopitisha joto.

Na kama vipimo vyote vinaonyesha hewa ndiyo moto, acha sensa ushike boneti. Chini ya tundu la boneti kuna bomba la plastiki lenye sponji linalobana juu ya intakula. Kwenye magari mengi yaliyoagizwa, sponji imeoza au bomba zima halipo, na upepo wote unapita pembeni badala ya kupenya kwenye mapezi. Badilisha sponji. Osha mapezi kwa maji ya shinikizo dogo ukitokea chini, yanyooshe yaliyolala, na mwaga mafuta ya injini yaliyotuama ndani. Matengenezo haya ya gharama ndogo hushusha namba kuliko sensa yoyote.

Injini ikiwa moto inawaka kwa shida, kisha inazima

Umezima gari dukani kwa dakika 15. Unarudi, linawaka, mizunguko inapanda na kushuka, linazima. Asubuhi halina tatizo. Hii huwapata hasa waliotoa MAF na kutumia presha na joto kukokotoa hewa. Gari likiwa limesimama, sensa imelowa joto la injini hadi 75, wakati hewa inayoingia sasa ni kama 40. Kompyuta inaamini hewa ni nyepesi na inapunguza petroli kwa karibu asilimia 10. Mchanganyiko unakuwa mkavu, injini inakosa pumzi.

Usiitibu kwa kuongeza petroli ya mzunguko wa chini. Ukifanya hivyo asubuhi itaanza kutoa moshi mweusi. Kompyuta nyingi za kujitegemea zina jedwali linalochanganya joto la sensa na joto la maji kulingana na wingi wa hewa inayopita: hewa ikiwa kidogo, zingatia zaidi maji, na ikiwa nyingi, zingatia zaidi sensa. Jedwali hilo huachwa tupu na watu wengi. Lijaze kwa kurekodi: washa injini moto mara 5 au 6, angalia namba ya mchanganyiko kutoka kwenye sensa ya oksijeni ya masafa mapana, rekebisha kidogokidogo. Kama gari bado lina MAF, dalili hii haitokani na sensa mpya. Angalia presha ya petroli na valvu ya mzunguko wa chini.

Nguvu zimepungua tangu sensa iwekwe

Rekodi taimingi, joto la hewa na busti kwenye mwinuko mmoja. Kama taimingi inarudi nyuma kadiri joto linavyopanda, kompyuta inafanya kazi yake, na nguvu ulizokuwa nazo zamani ulizikopa kwa injini. EJ207 za Japani zilipangwa kwa petroli ya oktani 100 ya huko, na petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo. Hewa ya nyuzi 70 pamoja na petroli hiyo ni mwaliko wa mchanganyiko kulipuka kabla ya wakati wake, na pistoni za EJ huvunjika kati ya pete mapema sana.

Joto la baada ya intakula likiwa nyuzi 10 hadi 20 juu ya hewa ya nje baada ya kukanyaga sekunde 5, intakula iko vizuri. Likizidi 30, intakula ni ndogo au chafu, au busti inavuja na turbo inazunguka kupita kiasi kuifidia. Mtu anayefuta jedwali la kurudisha taimingi ili nguvu zirudi anakuwa amefunga rezista ileile ya peremende kwa njia ya programu.

Filimbi, au busti haifiki

Hapa kosa liko kwenye tundu ulilotoboa. NPT ni thredi ya mshazari na inabana kwa kujikaza, wakati M12 ni thredi iliyonyooka na inaziba kwa pete yake. Kuna wanaolazimisha moja ndani ya nyingine, nayo inashika mizunguko miwili na kuonekana imekaa. Kwa NPT ya 3/8 toboa kwa drili ya milimita 14.5 kisha pitisha tapi taratibu, ukiirudisha nyuma kila nusu mzunguko. Kwa M12 × 1.5 toboa milimita 10.5. Usitoboe kamwe kitu kikiwa kwenye gari. Intakula inatoka kwa boliti mbili za pembeni, mbili za valvu ya kutolea busti na klampu mbili za hosi, zote kazi ya dakika 20 injini ikiwa imepoa. Unyuzi mmoja wa alumini ukiingia kwenye silinda, hasara yake ni blok.

Baada ya kutoboa, osha tangi kwa petroli au dawa ya breki, pulizia hewa kutoka pande zote mbili, halafu rudia. Zungusha tepu ya thredi mara mbili ukiacha thredi mbili za mwisho wa ncha zikiwa wazi, ili vipande visiingie ndani. Sensa hizi za nyaya mbili hazitumii mwili wake kama hasi, kwa hiyo tepu haidhuru ishara. Kaza kwa mkono, kisha mzunguko mmoja hadi mmoja na nusu kwa spana. Kikombe cha alumini kikipasuka, ufa wake ni mwembamba kuliko unywele na huonekana tu chini ya presha.

Ziba mdomo wa turbo, ingiza hewa ya bar 0.7 kwenye mfumo na upake povu la sabuni kuzunguka sensa, hosi ya throto na valvu ya kutolea busti. Rudia kipimo hicho baada ya siku 3 za kuendesha, kwa kuwa alumini na shaba hutanuka tofauti, na thredi iliyobana ikiwa baridi inaweza kuwa imelegea.